Mfalme Ndani ya Neno: Mhadhara Juu ya Neno la Kiingereza "Check"



Mhadhara huu unahusu neno moja tu. Ni neno fupi la Kiingereza ambalo kila mmoja wetu amekwisha kulitamka, hata asiyejidai kukijua Kiingereza. Neno lenyewe ni "check".

Tazameni kazi linazofanya. Daktari anapompima mgonjwa anatumia neno hilo kwa maana ya kuchunguza. Mhasibu analitumia kwa maana ya kukagua na kuhakikisha. Kamanda anayeyazuia majeshi ya adui yasisonge mbele hutumia neno hilohilo, na maana yake hapo ni kuzuia. Nchini Marekani, mteja aliyemaliza kula mgahawani huomba "check", yaani bili, na mwalimu wa huko akisahihisha daftari huweka "check", yaani alama ya vema. Anayeacha koti au mzigo mahali pa kutunzia hupewa "check", kile kipande cha kuchukulia mali yake. Duka la vitambaa lina "check", nguo yenye miraba. Benki ina "check", ambayo Waingereza huiandika "cheque" na sisi twaiita hundi au cheki. Na mcheza sataranji anayemtishia mfalme wa mwenzake hutamka "check".

Hoja yangu jioni hii ni kwamba maana zote hizo ni za neno moja, na kwamba neno hilo lilianza safari likiwa jina la mfalme, likaishia kuwa neno la kumdhibiti mfalme. Njia liliyopita inatufundisha namna maana zinavyozaliwa, na inagusa pia lugha yetu wenyewe, kwa sababu neno hilo lilitufikia mara mbili, kwa njia mbili tofauti.

Kaa na kichwa

Nianze na jambo ambalo wanafunzi wa Kiswahili wanalijua. Tunasema "kaa" kwa maana ya kiumbe wa pwani mwenye magando, tunasema "kaa" kwa kipande cha mkaa, na tunasema "kaa" tunapomkaribisha mgeni kwenye kiti. Hayo ni maneno matatu yaliyokutana kwenye sauti moja, na hakuna udugu kati yao. Wataalamu wanayaita homonimu, na kamusi huyapa vidahizo vitatu. Lakini tunaposema kichwa cha mtu, kichwa cha habari, kichwa cha treni na kichwa cha familia, hapo neno ni moja lililopanua maana. Hiyo ndiyo polisemia.

Kwa Mswahili, kichwa cha mtu na kichwa cha treni vinaonyesha udugu wao waziwazi. Udugu wa "check" umefichika. Mtu anayetazama kwa juu juu angeapa kwamba miraba ya shati, karatasi ya benki na kizuizi cha majeshi ni majina yaliyogongana kwa bahati, kama kaa wa baharini na kaa la moto. Katika hali kama hiyo macho hayatoshi. Inabidi tuifuate historia ya neno, hatua kwa hatua.

Kutoka Uajemi

Historia hiyo inaanzia kwenye ubao wa mchezo. Mchezo wa sataranji ulitoka India, ulikojulikana kwa Kisanskriti kama chaturanga, yaani "viungo vinne", kwa kutaja sehemu nne za jeshi: askari wa miguu, wapanda farasi, tembo na magari ya vita. Mnamo karne ya 6 mchezo huo ulikuwa umekwisha kuingia Uajemi. Waajemi walimwita mfalme wa ubaoni kwa jina walilomwita mfalme wao wa kweli: shah. Waarabu walipoiteka Uajemi katika karne ya 7 waliuchukua mchezo wakauita shatranj, jina tulilolirithi sisi kama sataranji, na wakaliacha neno shah lilivyo. Baghdad ya Waabbasiya ilikuwa na mabingwa waliouandikia vitabu, akiwemo al-Suli wa karne ya 10.

Wachezaji walikuwa na desturi ya kutangaza. Mtu aliyemtishia mfalme wa mwenzake alitamka "shah!" ili yule mwingine ajue kwamba mfalme wake yuko hatarini. Ulaya iliupokea mchezo kupitia nchi zilizokuwa chini ya Waislamu, hasa Hispania, na ikaupokea pamoja na tangazo lake. Kilatini cha zama hizo kiliandika scaccus, Kifaransa cha kale kikasema eschec, na Waingereza, baada ya kutawaliwa na Wanormani waliosema Kifaransa, wakaikata silabi ya mwanzo wakapata "check". Wingi wa neno hilo katika Kifaransa cha kale ulikuwa esches, na huo ndio uliozaa "chess", jina la mchezo wenyewe kwa Kiingereza. Kwa asili yake, basi, "chess" ni wingi wa "check", na tukilipeleka hadi chimbuko lake, mtoto wa Kiingereza anayesema anacheza "chess" anasema anacheza "wafalme".

Niseme na neno "checkmate", linalotamkwa mchezo unapokwisha. Hilo ni shah mat. Wengi hulifasiri kuwa "mfalme amekufa", kwa kulihusisha na kitenzi cha Kiarabu ambacho kimetupa mauti na maiti. Katika Kiajemi, hata hivyo, mat ni mtu aliyeshikwa na bumbuwazi, asiye na la kufanya. Tafsiri hiyo inaafikiana na mchezo wenyewe, maana mfalme wa sataranji hauawi wala haondolewi ubaoni. Hukwama tu, na mchezo ukaisha.

Kutoka kuzuia hadi kukagua

Sasa tulisikilize lile tangazo kwa masikio ya mchezaji anayetangaziwa. Alikuwa na mipango yake, pengine alibakiza hatua mbili ashinde. Akisikia "shah!" mipango yote inasimama, kwa kuwa kanuni inamlazimisha kwanza amwokoe mfalme: amhamishe, amkinge, au amle anayemtishia. Hana njia nyingine. Kwa hiyo neno lililotaja mfalme likaanza kutaja kile kinachotokea anapotishiwa, yaani kusimamishwa ghafla. Kufikia karne ya 14 Waingereza walikuwa wakilitumia nje ya ubao, kwa jambo lolote lililokatizwa au kurudishwa nyuma.

Hapa ndipo wanafunzi wangu huniuliza: kuzuia na kukagua vinakutana wapi? Vinakutana penye mali ya watu. Mwekahazina anayelinganisha hesabu za karani na daftari la pili anafanya mambo mawili kwa wakati mmoja. Anahakikisha hesabu ni sahihi, na anauzuia mkono wa karani mwizi. Karani anayejua kwamba kesho atakaguliwa hujizuia leo. Ukaguzi ulikuwa kizuizi, na neno la kizuizi likawa jina la ukaguzi. Kuanzia hapo matumizi mengine yalifuata kwa wepesi: daktari akalichukua kwa mwili, mwalimu kwa daftari, na viwanja vya ndege kwa abiria na mizigo yao.

Meza ya miraba

Kuna tawi la pili, na hili limetoka kwenye ubao badala ya tangazo. Kifaransa cha kale kiliuita ubao wa sataranji eschequier. Kitambaa chenye miraba kinafanana na ubao huo, kwa hiyo kikapewa jina lake. Kiswahili kilifanya vivyo hivyo bila kufundishwa na Mfaransa: shati lenye miraba tunaliita shati la drafti, kwa jina la mchezo wa drafti unaochezwa vibarazani. Watu wa nchi mbili, kila mmoja kwa wakati wake, walitazama nguo wakaona ubao wa mchezo.

Lakini ubao huo ulifika mahali pakubwa kuliko dukani. Ulifika kwenye hazina ya mfalme wa Uingereza. Kuanzia enzi ya Henry wa Kwanza, mwanzoni mwa karne ya 12, mapato ya mfalme yalihesabiwa juu ya meza iliyotandikwa kitambaa chenye mistari, na ofisi yote ikaitwa kwa jina la meza hiyo: Exchequer. Herufi "x" iliongezwa na makarani waliodhani, kimakosa, kwamba "es" ya Kifaransa ilitokana na "ex" ya Kilatini.

Tunazo habari nzuri za meza hiyo, kwa sababu mwekahazina wa Henry wa Pili, Richard FitzNeal, aliiandikia kitabu kwa Kilatini, Dialogus de Scaccario, alichokianza mnamo mwaka 1177. Meza ilikuwa na urefu wa futi 10 na upana wa futi 5, ikiwa na ukingo pembeni ili kisianguke kitu. Kitambaa chake kilikuwa cheusi, nacho kiligawanywa kwa mistari iliyotenganisha safu. Safu moja ilikuwa ya peni, nyingine ya shilingi, nyingine ya pauni, kisha makumi mawili ya pauni, mamia, na maelfu. Hesabu ilifanywa kwa vidude vilivyopangwa ndani ya safu, kwani tarakimu za Kirumi, zilizotumika wakati huo, ni ngumu mno kwa kujumlisha na kutoa. Masherifu, waliomkusanyia mfalme mapato wilayani, waliitwa mara mbili kwa mwaka, wakati wa Pasaka na mwishoni mwa Septemba. Vidude vilipangwa mbele ya macho yao, na hata asiyejua kusoma aliona mwenyewe anadaiwa kiasi gani.

FitzNeal anaeleza kwamba jina la sataranji lilifaa kwa sababu mbili. Ya kwanza ni sura ya meza. Ya pili ni kwamba kulikuwa na pambano juu ya meza hiyo, kati ya mwekahazina anayedai na sherifu anayejitetea, na wengine wote wakiketi kama waamuzi. Hapo matawi mawili ya neno letu yanakutana: miraba na ukaguzi viko juu ya kitambaa kimoja.

Sherifu aliyelipa hakupewa karatasi. Alipewa kijiti kilichochongwa alama za kiasi alicholeta, kisha kikapasuliwa kwa urefu. Nusu ilibaki hazina, nusu akaondoka nayo. Siku ya mabishano nusu mbili ziliunganishwa, na alama zisipooana udanganyifu ulikuwa wazi. Mfumo huo ulidumu hadi karne ya 19. Tarehe 16 Oktoba 1834, vijiti vikuukuu vilipokuwa vikichomwa katika matanuri chini ya jengo la Bunge huko Westminster, moto uliwashinda wachomaji, na sehemu kubwa ya jengo ikateketea.

Hundi na madai ya sakk

Wazo la nusu mbili zinazooana ndilo lililozaa hundi tunayoijua. Amri za maandishi za kumtaka mtunza fedha amlipe mtu fulani zilikuwepo London katika karne ya 17. Mojawapo ya za kale zaidi zilizosalia ina tarehe ya 16 Februari 1659, kwa kalenda ya wakati ule. Iliandikwa na Nicholas Vanacker kwa pauni 400, ikielekezwa kwa watunza fedha Morris na Clayton. Lakini hati kama hiyo haikuitwa bado "check". Jina lilikuja katika karne ya 18, wakati benki zilipoanza kutoa fomu zenye namba na kipande kinachobaki kwenye kitabu. Benki Kuu ya Uingereza, iliyoanzishwa mwaka 1694, ilianza kutumia fomu za kuchapwa mwaka 1717. Kile kipande kilichobaki ndicho kilichoitwa "check" kwanza, kwa kuwa kazi yake ilikuwa kuzuia ughushi, kama nusu ya kijiti. Baadaye jina lilihama kutoka kipande kinachobaki likaenda kwenye karatasi inayoondoka. Wamarekani wanaandika "check" mpaka leo, na Waingereza wakashika "cheque" kwa kuiga sura ya "Exchequer".

Najua wapo miongoni mwenu waliosoma kwamba "cheque" inatokana na neno la Kiarabu sakk, hati ya malipo iliyotumiwa na wafanyabiashara wa zama za Waabbasiya, na ambayo wingi wake, sukuk, tunausikia siku hizi kwenye hatifungani za Kiislamu. Madai hayo yanastahili jibu la heshima. Ni kweli kabisa kwamba dunia ya Kiislamu ilikuwa na hati za malipo karne nyingi kabla ya Vanacker kushika kalamu. Lakini kitu kinaweza kuwa na umri mkubwa na jina lake likawa na asili nyingine. Maandishi ya Kiingereza yanaonyesha "check" ya ukaguzi, kisha "check" ya kipande cha kitabu, kisha "check" ya malipo, kila maana ikishikana na iliyotangulia. Kuiingiza sakk katikati ya mnyororo huo ni kuweka pete mahali pasipo na pengo. Na anayependa kuona mchango wa Mashariki ukitambuliwa hana cha kupoteza, maana mwisho wa mnyororo bado tunamkuta shah.

Mfalme anayedhibitiwa

Maana moja imebaki, na kwangu ndiyo yenye uzito kuliko zote. Mwaka 1748 Mfaransa Montesquieu alichapisha kitabu chake kuhusu sheria, akitetea kwamba madaraka ya dola yagawanywe ili moja lilizuie jingine. Wamarekani walioandika katiba yao mwaka 1787 walilijenga wazo hilo ndani yake, na James Madison akalitetea kwa umma mwaka uliofuata. Kwa Kiingereza utaratibu huo unaitwa "checks and balances". Rais analizuia Bunge kwa kura ya turufu, Bunge linamzuia Rais kwa fedha na sheria, na mahakama inawazuia wote wawili. Neno lililokuwa jina la mtawala asiyeulizwa likawa jina la kumuuliza mtawala. Halikugeuzwa kwa amri ya mtu. Lilifuata uzoefu wa vizazi vya watu, kutoka hatari ya mfalme wa mbao mpaka hesabu za sherifu, na kutoka hapo mpaka katiba.

Sisi tumelitafsiri wazo hilo kwa namna yetu. Ibara ya 143 ya Katiba ya Tanzania inamtaja Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali. Angalieni cheo hicho: kudhibiti na kukagua vimewekwa bega kwa bega, kwa sababu kazi ni moja yenye sura mbili, zilezile zilizokutana ndani ya "check". Nchini Kenya, Katiba ya mwaka 2010 imemweka Msimamizi wa Bajeti, ambaye fedha hazitoki kwenye mfuko mkuu wa serikali bila idhini yake, na Wakenya wanaposubiri fedha hizo bado utawasikia wakitaja "Exchequer". Kitambaa cheusi cha Henry kimesafiri mbali.

Shaha na cheki

Nimesema neno hili lilitufikia mara mbili. Mara ya kwanza lilikuja kwa bahari. Pwani yetu ilifanya biashara na Ghuba ya Uajemi kwa zaidi ya miaka elfu moja, na vigae vya vyombo kutoka huko vimefukuliwa Shanga, katika kisiwa cha Pate, na Unguja Ukuu. Msikiti wa Kizimkazi una maandishi ya mwaka 500 Hijria, yaani 1107, miaka michache tu kabla ya Exchequer kutajwa kwa mara ya kwanza katika hati za Uingereza. Katika mawasiliano hayo Kiswahili kilipokea maneno ya Kiajemi kama bandari, nahodha, bustani na serikali, na kikapokea shaha. Kwetu shaha ni mfalme, na ni mfalme wa sataranji. Washairi wetu wakalipandisha daraja, wakampa cheo hicho bingwa wao: shaha wa malenga.

Mara ya pili lilikuja kwa njia ndefu, kupitia Kiarabu, Kilatini, Kifaransa na Kiingereza. Likatua kwetu kama cheki ya benki, na vijana wakalichukua mtaani: "cheki hii", "nitakucheki kesho", wakiwa na maana ya kutazama na ya kuwasiliana. Wazee wengine hukerwa na usemi huo. Mimi nawaomba wautazame kwa jicho la historia, kwa kuwa vijana wanafanya kile kile walichofanya wacheza sataranji na makarani wa hazina: wanalipa neno kazi wanayoihitaji. Na ukisema leo kwamba shaha wa malenga amepokea cheki, umelitamka neno moja mara mbili katika sentensi moja, kila mara likiwa limevaa mavazi ya njia liliyopitia.

Wito

Namalizia kwa kuomba mambo matatu.

Walimu wa lugha, Kiingereza na Kiswahili kwa pamoja, wafundisheni watoto maana kwa kufuata udugu wake. Mwanafunzi anayepewa orodha ya maana tisa azikariri husahau sita baada ya mtihani. Akielezwa jinsi kuzuia kulivyozaa kukagua, na kukagua kukazaa hundi, ataweza kuzijenga upya zote tisa kwa akili yake.

Watunzi wa kamusi zetu, alama fupi inayotaja lugha ya asili ni mwanzo mzuri, lakini haitoshi. Tuambieni neno lilipita wapi, lilibeba maana gani kila kituo, na maandishi gani yanathibitisha. Maneno kama diwani, hawala na bima yana safari zinazostahili kuandikwa kwa uangalifu huu.

Nanyi wanafunzi, msikubali asili ya neno kwa sababu inapendeza au inatupa fahari. Dai ushahidi wa maandishi, pima kila hatua, na likiporomoka dai unalolipenda, liache. Lugha yetu ina nyaraka, ina malenga, ina wazee wa pwani wanaokumbuka matumizi ambayo bado hayajaandikwa. Nendeni mkayaandike wakiwa bado hai.